HAKI YA MTOTO KATIKA PUMZI YAKE

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyehamia Nairobi kutafuta riziki. Yeye hukaa Kawangware katika chumba kimoja na mkewe na watoto wao watatu, na mtoto wao wa kati ana maradhi ya pumu. Asema kwamba avuta sigara tangu ujana wake, na kwamba huvuta usiku arejeapo kazini, ndani ya nyumba, kwa kuwa nje ni giza na si salama. Kisha auliza: Je, nikivuta sigara yangu kwa pesa zangu, katika nyumba niilipiayo kodi kwa jasho langu, huwa nimemdhulumu mtoto huyu? Na nyumba yenyewe imezungukwa na moshi kila upande: moshi wa makaa, moshi wa mafuta ya taa, moshi wa takataka zichomwazo kando ya njia, na moshi wa magari. Sigara yangu moja ni nini mbele ya moshi wote huo?

Swali hili tumelizungumza katika darsa yetu zaidi ya mara moja, wala hatukuona kuwa ni insafu kumjibu ndugu yetu kwa neno moja, haramu au makuruhu, kisha tukainuka tukaenda zetu. Mwenye kuuliza namna hii ni mtu ambaye moyo wake umekwisha kumshitaki, naye ataka kujua kama mashitaka hayo yana haki.

Ama hukumu ya tumbaku kwa mvutaji mwenyewe, hiyo ni khabari ya zamani. Tangu tumbaku ilipoingia katika miji ya Waislamu, yapata miaka mia nne iliyopita, wanavyuoni walishindana juu yake. Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri aliandika kuikataza, na Sheikh Ali al-Ajhuri, Mmisri mwenziwe na mtu wa madhehebu yake, akaandika kuiruhusu. Baadaye Sheikh Abdulghani al-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, naye aliitetea kwa hoja kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuvikataza. Hatutaki kuyafufua mashindano hayo. Twataka tu msomaji aangalie kwamba mabwana hao, waliokataza na walioruhusu, sehemu kubwa ya maneno yao ilikuwa juu ya mvutaji: akili yake, mali yake na mwili wake. Wala hatuwalaumu, kwani dalili ya madhara ambayo al-Nabulsi hakuiona katika zama zake, sisi tumeletewa mlangoni. Madaktari wa Chuo cha Kifalme cha London waliitangaza mwaka 1962, na Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani akaitangaza mwaka 1964, na tangu hapo hapana mtu mwenye insafu awezaye kusema kwamba sigara haina dhara.

Lakini ndugu yetu hakuuliza juu ya kifua chake. Ameuliza juu ya kifua cha mwanawe, na hilo ni swali jingine kabisa, lenye mlango wake.

Mwaka 1981 daktari wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza uchunguzi alioufanya kwa muda wa miaka 14 juu ya wanawake 91,540 wasiovuta sigara. Alikuta kwamba wale ambao waume zao walikuwa wavutaji wakubwa walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wale ambao waume zao hawakuvuta. Wenye viwanda vya sigara walimshambulia sana, na wachunguzi waliokuja baada yake wakamsadikisha. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa Marekani alisema wazi kwamba hakuna kadiri ya moshi wa sigara ya mwenzio iliyo salama kwako. Na Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba zaidi ya watu milioni moja hufa kila mwaka kwa moshi wa sigara ambazo wao wenyewe hawakuzitia kinywani.

Na mtoto mwenye pumu yuko mbele ya watu wote hao katika khatari. Madaktari wameeleza kwamba mirija ya pumzi ya mwenye maradhi haya ni myepesi wa kukasirika. Ikiguswa na kitu cha kuiudhi, misuli yake hujikaza, ngozi yake ya ndani huvimba, na makohozi huja yakaiziba njia ndogo iliyobaki. Ndipo husikia ule mluzi kifuani, na mtoto huketi kitandani usiku ameinua mabega akiitafuta pumzi. Tena mtoto huvuta pumzi mara nyingi zaidi katika dakika moja kuliko mtu mzima, na mirija yake ni myembamba kuliko yetu. Basi katika chumba kimoja, baba na mwana wakiuvuta moshi mmoja, fungu la mwana si sawa na fungu la baba. Na ule moshi utokao katika ncha ya sigara iwakayo, ambao haukupita katika kichungi wala katika kifua cha mvutaji, ndio mwingi zaidi katika chumba, nao humwendea aliyelala.

Sasa tuitazame sheria. Kitunguu saumu ni halali, hapana ahitilafu. Juu ya hayo Mtume s.a.w. amemkataza mwenye kukila kibichi asiukaribie msikiti, kwa kuwa harufu yake yaudhi wenzake, na habari hii imo katika vitabu vilivyo sahihi. Ikiwa chakula cha halali, chenye manufaa, kimewekewa mpaka kwa sababu ya kero ya harufu tu, ambayo haiui wala haigonjeshi, basi moshi ugonjeshao una haki zaidi ya kuwekewa mpaka. Hii ni kiasi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kuifanya. Na imepokewa pia kwamba jirani asiudhiwe kwa harufu ya chungu cha jirani yake. Isnadi ya maneno hayo ina udhaifu, kwa hivyo hatuyafanyi kuwa dalili. Twayataja kwa kuwa watu wetu wayajua na huyatumia katika mambo ya pilau.

Akisema msemaji: Lakini mke wangu ameniridhia, hajapata kunilalamikia. Twamjibu: Mkeo ni mtu mzima mwenye akili, aweza kukusamehe haki yake, ikiwa kweli amesamehe wala hakunyamaza kwa kuogopa ugomvi. Ama mtoto asiyebaleghe, wanavyuoni wamesema kwamba msamaha wake si msamaha. Hawezi kutoa mali yake, hawezi kulisamehe deni lake, na hata akicheka na kukuletea kibiriti kwa mkono wake, hilo si idhini. Haki yake husimamiwa na walii wake. Na walii wake ni nani? Ni wewe. Basi angalia umeketi wapi: wewe ndiwe mdaiwa, na wewe ndiwe wakili wa mdai. Hapana kadhi wa duniani atakayelisikiza shauri hili, kwa kuwa mwenye kulipeleka mahakamani ndiye huyo huyo mwenye kushitakiwa. Mtu wa kwetu akikabidhiwa amana ya yatima hutetemeka, huandika kila senti na kutaka mashahidi. Na pumzi ya mwanawe ameikabidhiwa bila ya shahidi wala daftari, na kwa hivyo huiona kama si amana.

Nasi twajua kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba. Ama haki ya kiumbe, toba peke yake haitoshi mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe. Mvutaji aliyevuta peke yake jangwani ana jambo lake na Mola wake. Mvutaji wa chumba kimoja ana mdai aliyelala mkekani hatua mbili kutoka kwake.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akasema kwamba Kibera na Kawangware ni mambo ya bara, yatuhusu nini? Twamkumbusha kwamba Kibera ilianzishwa na Waislamu. Walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, ambao sisi twawaita Wanubi, waliopewa msitu ule wakae na ahali zao mwanzo wa karne iliyopita. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikautangaza kuwa ardhi ya jeshi, na wazao wao wakadai hati miliki miaka na miaka mpaka walipokabidhiwa ya ekari 288 mwaka 2017. Adhana ya Makina ni ya zamani kuliko majumba mengi ya Nairobi tuyaonayo leo. Na Kawangware nayo ina watoto wa pwani wengi, kama huyu ndugu yetu.

Chumba cha huko, kwa asiyekijua, kwa kawaida ni futi 10 kwa 10, au kwa karibu ya hivyo. Kuta zake ni mabati au udongo, na pengine hazina dirisha, au lipo dirisha lakini limeelekea ukuta wa mwenzio. Ndani yake mna kitanda, pazia, makochi, jiko, mitungi ya maji na madaftari ya shule. Pazia huzuia macho, halizuii moshi. Watu wa Lavington, walio jirani kabisa na Kawangware, husema: Toka uvutie nje. Na huko kwao maneno hayo yana maana, kwa sababu wana baraza na bustani. Katika ploti ya Kawangware, ukifungua mlango umo katika ujia wa watu wote, na mbele yako ni mlango wa jirani, na nyuma ya mlango huo yumo mtoto mwingine. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuvuta sigara katika mahali pa umma, na imezitaja hata nyumba wanamolelewa watoto. Ni sheria njema. Lakini polisi haingii chumbani saa nne za usiku kutazama nani amewasha nini, na hatungependa aingie.

Ndio maana twasema kwamba jambo hili limebaki mikononi mwa dhamiri.

Sasa twaja kwenye hoja ya ndugu yetu iliyo nzito, nayo ni ule moshi mwingine. Hatuikanushi. Wanachuoni wa maradhi ya kifua walifanya uchunguzi uitwao Tupumue, ulioanza mwaka 2021, juu ya watoto wa shule wa Mukuru, ambao ni mtaa wa mabati kama Kibera, na watoto wa Buruburu walio jirani nao katika nyumba za mawe. Walikuta kwamba watoto wenye mluzi wa kifua walikuwa asilimia 9.5 Mukuru na asilimia 6.4 Buruburu, na kwamba watoto wa Mukuru ndio waliozungukwa na moshi na vumbi zaidi. Moshi huo una wenyewe wengi. Basi mtu aweza kusema: Dhambi iliyogawanywa kwa watu elfu, fungu langu ni punje.

Twajibu kwa mfano tuujuao sote. Hamali wa Bandari ya Kale ameinama na gunia mgongoni, magoti yamtetemeka. Ukija ukamwongezea pishi moja juu ya gunia, huwezi kujitetea kwa kusema kwamba pishi moja ni jepesi. Ni jepesi kwa aliyesimama mikono mitupu. Kwa huyu, uzito uliotangulia ndio uliokuharamishia kumwongezea. Kadhalika moshi wa jiko na wa takataka haukupunguzii wewe hatia. Waizidisha, kwa kuwa umekijua kifua hicho kuwa kimekwisha kubeba, nawe ukaongeza.

Tena yapasa tupambanue dharura na shahawa. Jiko la makaa humdhuru mtoto, lakini humpikia uji. Mama yake akiliwasha hana namna nyingine, na lile lisiloepukika husamehewa kwa kadiri yake: aliwashie mlangoni mpaka makaa yaive, aliingize ndani moshi ukiisha kupungua, aache mlango wazi, wala asilale nalo ndani. Sigara haimpikii mtoto kitu. Kuziweka mbili hizi katika kapu moja ni kumdhulumu mama ili apate kupona baba.

Haya tumeyasema kwa ndugu yetu, na tukikoma hapa tutakuwa kama wale wenye kuwasomea maskini hukumu kisha wakarudi kulala katika nyumba zenye madirisha makubwa. Mtume s.a.w. ametupigia mfano wa watu waliogawana jahazi, baadhi yao juu na baadhi yao chini, na wa chini wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Na kama wa juu wangewaacha, wote wangeangamia. Mfano huu husomwa sana mimbarini kuwalaumu wale wa chini. Lakini msomaji na aangalie kwa nini walitaka kutoboa. Ni kwa kuwa maji yalikuwa yatekwa juu, na kila wakipanda kuyateka waliwaudhi wenyeji wa juu. Hewa safi ya Nairobi nayo iko juu. Mwenye ploti ajengaye vyumba ishirini bila ya madirisha ili apate kodi ya chumba cha ishirini na moja, na yeye mwenyewe akakaa mbali, ana fungu katika kifua cha mtoto huyu. Na hao wenye jukumu la kuzoa takataka wasizizoe, zikachomwa mbele ya shule, wana fungu. Na baadhi ya wenye maploti, tusifichane, ni Waislamu wenzetu wendao Hija.

Na wapo ndugu zetu wenye maduka. Sheria hiyo ya 2007 yataka sigara ziuzwe katika paketi isiyopungua vijiti kumi, lakini kila mtu ajua kwamba vibandani huuzwa kijiti kimoja kimoja, pamoja na kibiriti kilichofungwa kwa uzi ili kisiibiwe. Mtu maskini ambaye hangeweza kununua paketi hununua kijiti, na mtoto wa miaka kumi hutumwa kukinunua. Faida ya kijiti kimoja ni senti chache. Muuzaji akisema kwamba asipouza yeye atauza jirani, hoja hiyo twaijua. Kila mwenye kuuza pombe ameitumia, na hakuna kati yetu aliyemkubalia.

Ama mvutaji, hatumwambii kwamba kuacha ni jambo jepesi. Nikotini humshika mtu kama deni la riba, kila akilipa hudaiwa tena. Wapo hata watu wa vilemba, na twawaheshimu, ambao mifuko yao ya kanzu ina paketi. (Tutasemwa kwa maneno haya, na haidhuru.) Lililo wajibu ni kuacha, na kutafuta msaada wa daktari katika kuacha. Asiyeweza leo, basi katika madhara mawili achague lililo khafifu: asivute ndani kabisa, wala mlangoni, wala ujiani, bali amalize njiani kabla hajafika nyumbani, abadilishe shati, na anawe kabla hajampakata mtoto. Hii si rukhsa. Ni kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo: haambiwi kwamba deni limekwisha.

Tena tujiangalie na sisi wa pwani, tusije tukamtazama mtu wa Kawangware kwa jicho la kiburi. Shisha serikali iliipiga marufuku mwezi wa Disemba 2017, na kila mtu wa Mombasa ajua kwamba wapo wanaoivuta bado. Na liko jambo jingine ambalo wake zetu hawatapenda kulisikia. Wachunguzi wa Oman walitangaza mwaka 2009 habari za watoto na buhuri. Hawakuona kwamba buhuri huleta pumu kwa asiyekuwa nayo, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini waliona kwamba kwa mtoto aliye nayo tayari, moshi wa buhuri mara nyingi huamsha mluzi kifuani. Basi kufukiza udi na ubani ni ada njema, na Mtume s.a.w. alipenda manukato, lakini chetezo kisiingizwe katika chumba alalacho mtoto mwenye pumu, hata ikiwa ni usiku wa Ijumaa, hata ikiwa wageni wa arusi wako mlangoni. Tukiona uzito kuacha chetezo usiku mmoja, tutajua kidogo uzito alio nao ndugu yetu katika sigara yake.

Limebaki jambo la dawa. Katika ule uchunguzi wa Mukuru na Buruburu mna habari nyingine iliyotuhuzunisha zaidi kuliko ya kwanza. Watoto wa Mukuru ndio waliokuwa na mluzi zaidi, lakini waliokwisha kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa asilimia 1.2 tu, na wa Buruburu asilimia 2.8. Maana yake ni kwamba mtoto wa mabati huugua zaidi na hujulikana kidogo. Mamake huambiwa ni kikohozi, ni baridi, ni kifua cha ukoo. Na yule aliyejulikana, pengine wazazi wake hukiogopa kipulizio, kile kichupa cha dawa ivutwayo kwa kinywa, kwa kudhani kwamba kitamfanya mtoto mtumwa wake. Si kweli. Iko dawa ya kufungua mirija wakati wa shambulio, na iko nyingine ya kuvutwa kila siku ili uvimbe usirudi, na hii ya pili ndiyo iwakosayo watoto wengi, kwa kuwa yataka pesa kila mwezi, hata mwezi ambao mtoto hakuugua.

Zaka zetu za Ramadhani huenda katika unga, mchele, tende na nguo za Idi. Fakiri ni fakiri kwa tumbo na kwa kifua pia, na hatujui kizuizi cha sheria cha kumpa mzazi fakiri fungu lake ili anunue dawa ya mwanawe. Tumekubaliana katika darsa kwamba mwaka huu, Inshallah, sehemu ya yale yatakayokusanywa ipelekwe kwa maimamu wa misikiti ya Makina na Kawangware kwa kazi hiyo, wao wakiwajua watoto wenyewe kuliko sisi. Atakaye kushiriki na aseme na katibu baada ya sala ya Alasiri siku ya Jumapili. Na ndugu yetu aliyeuliza, jina la mwanawe tumelipokea.